Mwenye Ubao Si Mwenye Maneno

Najua niliahidi kumalizia yale maelezo ya kuhamisha hifadhidata kutoka seva moja hadi nyingine bila kuharibu herufi, lakini itabidi mnivumilie kidogo. Wiki hii nimekasirika, na nimeona heri niandike kabla hasira haijapoa.

Nilikuwa kwenye matatu naelekea mjini, redio imefunguliwa kwa sauti kama kawaida, na mgeni wa kipindi (wakili, kwa kujitambulisha kwake mwenyewe) akasema kwamba dawa ya matusi na uongo mtandaoni ni moja tu: mwenye tovuti ashtakiwe pamoja na aliyeandika. Eti ukimpa mtu ukuta wa kuandikia, wewe ndiye uliyeandika. Abiria wawili watatu wakaitikia. Dereva akasema, kweli kabisa. Mimi nimekaa pale nyuma, fundi wa programu, mtu ambaye aliwahi kuwa na ukuta wa namna hiyo, nikanyamaza. Sasa sinyamazi.

Kisa changu ni kidogo. Miaka kadhaa iliyopita niliunda ubao wa wapangaji wa mtaa wetu. Hakukuwa na maajabu yoyote: jedwali tatu kwenye hifadhidata, ukurasa wa kuandika, ukurasa wa kusoma, na seva ya kukodi ya bei rahisi. Watu waliandika maji yanarudi lini, keateka gani anafunga geti mapema kuliko walivyoelewana, fundi gani wa stima ni mwaminifu, na ajenti gani wa nyumba anarudisha amana ya mtu akihama. Siku nzuri yaliingia maandishi 30 hivi. Jioni nikitoka kazini nilikuwa nayapitia na kufuta matusi, hasa yale ya ukabila, maana wazee wa mtaa na watoto wa shule wote walikuwa wakisoma pale. Niseme kweli, ile kazi ya kufuta nilijivunia kuliko msimbo wenyewe. Msimbo ulikuwa mbaya.

Siku moja ikaja barua ya madai. Mpangaji mmoja alikuwa ameandika kwamba ajenti fulani amemzungusha miezi mitano bila kumrudishia amana yake, na kwamba yeye si wa kwanza kutendewa hivyo. Wakili wa ajenti akanipa siku saba: nifute, niombe radhi hadharani, nikubali kosa, nilipe fidia, na juu yake nilipe gharama ya barua yenyewe. Kulikuwa na aya moja iliyonikosesha usingizi. Ilisema kwamba kwa kuwa mimi hufuta maandishi mengine, basi yale ninayoyaacha nimeyakubali, na kwa hivyo ni yangu.

Nikampigia simu rafiki yangu tuliyesoma naye, sasa ni wakili. Akaniambia, "Ndugu yangu, kesi hii waweza kushinda. Swali ni kama una pesa za kukufikisha hapo." Sikuwa nazo. Nikafuta. Sikumuuliza mpangaji kama ana risiti. Sikumuuliza ajenti kama amelipa. Baada ya mwezi nikafunga ubao wote, na pamoja na ile amana zikapotea habari za maji, za stima na za geti.

Sasa hebu angalieni kilichofanyika hapo. Hakuna hakimu aliyesikiza upande wowote. Aliyeandika hakuulizwa kitu. Aliyeamua kwamba maneno yale yatoke ni mimi, mtu pekee katika kisa kizima ambaye hakuwepo amana ikilipwa wala ikidaiwa. Na sikuamua kwa ushahidi, niliamua kwa woga. Yule bwana wa redioni anataka uamuzi wa namna hii uwe ndio sheria ya kila siku.

Hoja ya ile barua, kwamba anayefuta amekuwa mchapishaji, si mpya. Wamarekani waliigongana nayo zamani, wakati intaneti yao ilikuwa bado inapiga kelele kwenye laini ya simu. Mwaka 1991 iliamuliwa New York kesi ambayo kampuni ya CompuServe ilishtakiwa kwa sababu ya jarida la udaku lililokuwa likisomwa kupitia huduma yake. Mahakama ikasema CompuServe ni kama duka la vitabu: haikusoma, haikujua, haina hatia. Miaka minne baadaye, 1995, ikaja zamu ya Prodigy. Hawa walikuwa waungwana zaidi. Walikuwa na kanuni za adabu, programu ya kukamata maneno machafu, na wasimamizi wa mabaraza. Mtu asiyejulikana akaandika kwenye baraza lao la mambo ya fedha kwamba kampuni ya kuuza hisa iitwayo Stratton Oakmont na rais wake ni wadanganyifu. Kampuni ikadai dola milioni 200. Jaji akasema: nyinyi mnachuja, kwa hivyo nyinyi ni wachapishaji, na mchapishaji hubeba dhima ya alichochapisha.

Yaani aliyefumba macho alisalimika, na aliyefagia ua wake akabebeshwa mzigo.

Na Stratton Oakmont walikuwa akina nani? Ilifungwa mwaka 1996. Mwaka 1999 mwanzilishi wake Jordan Belfort na rais wake Daniel Porush walikiri mahakamani makosa ya udanganyifu wa hisa na kutakatisha fedha. Filamu ya 2013 kuhusu Belfort wengi wenu mmeiona. Kwa hivyo kampuni iliyokwenda mahakamani kulilia jina lake ilikuwa ya walaghai, na sheria ya wakati huo ikawapa rungu la kumpigia aliyehifadhi maneno yaliyowataja. Sisemi ajenti wangu ni Stratton Oakmont. Nasema rungu ni lile lile, na anayeliokota kwanza mara nyingi ni yule mwenye pesa za wakili.

Wabunge wawili wa Marekani, Chris Cox wa Republican na Ron Wyden wa Democrat, waliona hukumu ya Prodigy ni upuuzi, wakaandika kile kinachoitwa kifungu cha 230. Kikapita mwaka 1996 ndani ya sheria kubwa ya mawasiliano. Kina mambo mawili. La kwanza, ambalo kwa Kiingereza ni maneno 26 tu, linasema mwenye huduma hahesabiwi kuwa mchapishaji wa maneno yaliyoletwa na mtu mwingine. La pili linasema kwamba akichuja kwa nia njema, kuchuja huko kusimtie hatiani. Hilo la pili ndilo ningelihitaji mimi siku ile. Ningeiandika kwa wino mwekundu juu ya ile aya ya wakili na kumrudishia.

Lakini sitaki mnielewe vibaya. Mimi si mmoja wa wale mafundi wanaodhani kwamba kila kitu cha Marekani ni kizuri kikiletwa kilivyo. Mwaka uliofuata, 1997, mahakama zao zilikinyoosha kifungu hicho mpaka kikapita mipaka. Mtu mmoja wa Seattle alikuwa amewekewa namba yake ya simu kwenye AOL, katika matangazo ya uongo ya fulana zinazokejeli waliouawa kwa bomu kule Oklahoma City mwaka 1995. Watu wakampigia simu mfululizo, wakamtishia kumuua. Akawaambia AOL, akawaambia tena, na matangazo mengine yakaendelea kuingia. Mahakama ikasema AOL haiguswi, hata baada ya kuambiwa. Hapo ndipo mimi na Wamarekani tunapoachana. Kutojua ni jambo moja. Kuambiwa jambo ambalo ubaya wake unaonekana wazi, ukakaa kitako, ni jambo jingine kabisa.

Ulaya nao waliteleza upande wa pili. Delfi, tovuti ya habari ya Estonia, mwaka 2006 ilichapisha habari kuhusu kampuni ya feri, na wasomaji wakamwaga matusi na vitisho chini yake. Delfi walipoandikiwa barua, wakafuta siku iyo hiyo. Hata hivyo wakatozwa euro 320, na mwaka 2015 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema hukumu hiyo haikuvunja uhuru wa kusema. Euro 320 si kitu, najua. Lakini funzo alilolipata kila mwenye tovuti ndogo ni kwamba kufuta siku ile ile ya kuambiwa huenda kusikuokoe. Ukilijua hilo, njia salama ni usiruhusu mtu kuandika.

Tuje nyumbani, au tuseme kwa jirani, maana Tanzania wametutangulia katika hili na wala si kwa wema. JamiiForums ilianzishwa mwaka 2006, na kwa msomaji wa Kiswahili sina haja ya kueleza ni nini. Desemba 2016 mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa. Polisi walitaka majina na taarifa za watu walioandika juu ya kampuni fulani, naye hakuwapa. Akashtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa kuzuia upelelezi. Mashtaka yakamburuza mahakamani mwaka baada ya mwaka, na Aprili 2020 akatiwa hatiani katika moja ya kesi na kuambiwa alipe faini ya shilingi milioni 3 za Tanzania au aende jela. Katikati ya hayo zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018: ada ya maombi 100,000, leseni 1,000,000, ada ya kila mwaka 1,000,000, na ukiamriwa kuondoa jambo ulikuwa na muda wa saa 12. Juni mwaka huo JamiiForums ikabidi ijifunge kwa muda. Na Septemba 2025 mamlaka ya mawasiliano ikaisimamishia leseni kwa siku 90.

Mimi ni mtu wa hesabu, nikazipiga. Shilingi milioni 2.1 za Tanzania kabla mtu hajaandika hata salamu. Ubao wangu wa wapangaji kwa mwaka mzima haukugharimu nusu ya hizo. Sheria kama hiyo haiwapunguzi wahalifu. Inawapunguza akina sisi, wenye seva moja na jioni mbili za wiki, na inawaachia uwanja wakubwa ambao afisi zao ziko California na mawakili wao ni wengi kuliko wapangaji wa mtaa wangu.

Na hao wakubwa ndio sehemu ya pili ya hasira yangu.

Ukiona nimewatetea wenye mbao, usidhani nimeitetea Facebook. Ubao wangu ulikuwa na mstari mmoja wa kupanga maandishi: lililoingia mwisho likae juu. Basi. Haukujua wewe ni nani, haukujua nini kitakukasirisha. Majukwaa makubwa hayafanyi hivyo. Yana programu inayopima kila andiko na kila mtu, ikakisia ni lipi litakufanya ubonyeze, ulijibu, ulisambaze, kisha ikakuletea hilo hata kama hukuliomba wala humfahamu aliyeliandika. Kati ya andiko moja na jingine wanauza tangazo. Jamani, huo si ubao tena. Huo ni mtu anayeuokota mnong'ono wa kona moja, akaufunga kwenye kipaza sauti, akapita nao mtaa kwa mtaa, akitoza wenye maduka kwa kila kichwa kinachogeuka.

Angalieni kesi iliyo hapa hapa Nairobi. Novemba 2021, Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar kule Ethiopia, aliuawa nje ya nyumba yake. Kabla ya hapo palikuwa na maandishi ya Facebook yaliyomtaja na kumsingizia mambo kwa misingi ya kabila lake. Mwanawe anasema aliyaripoti kwa kampuni akiomba yaondolewe, na hayakuondolewa kwa wakati. Desemba 2022 yeye, mtafiti mwingine wa Ethiopia na Taasisi ya Katiba wakaishtaki Meta katika Mahakama Kuu yetu, maana kazi ya kuchuja maandishi ya Ethiopia ilikuwa ikifanyiwa hapa Nairobi. Wakubwa wakajibu kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yao. Aprili 2025 mahakama ikasema inayo.

Someni madai yao vizuri. Hawasemi tu kwamba Facebook iliyahifadhi maneno ya watu wabaya. Wanasema mfumo wake wenyewe uliyasukuma maneno ya chuki mbele za watu kwa sababu yanaleta faida. Hilo si neno la mtumiaji. Hicho ni kitendo cha kampuni, kimeandikwa na mafundi kama mimi, kikajaribiwa, kikapimwa, kikapewa bajeti. Hata huko Marekani, Agosti 2024 mahakama ya rufaa ya Philadelphia, katika kesi ya mtoto wa miaka 10 aliyekufa baada ya TikTok kumpelekea video za mchezo wa kujinyima pumzi, ilisema kwamba kuchagua na kumsukumia mtu video ni kauli ya TikTok yenyewe, na kifungu cha 230 hakiifuniki. Wenzangu wengi katika fani walipiga kelele kwamba intaneti imekufa. Mimi nilisoma nikaona ni mantiki ya kawaida tu ya mtu aliyewahi kuandika msimbo: anayejua tofauti kati ya kupanga kwa tarehe na kupanga kwa kukisia hasira ya msomaji hawezi kuviita vitu hivyo viwili kwa jina moja.

Na sheria zetu? Ziko vipande vipande. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2019 yaliweka utaratibu: mwenye wimbo au filamu anaandika ilani, mtoa huduma ana muda wa kuondoa, na anayeleta ilani ya uongo kwa makusudi anafanya kosa. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 56, inasema mtoa huduma habebi dhima mpaka ithibitishwe kwamba alijua au alikusudia, wala si kwa kukosa kutenda tu. Vizuri. Lakini hicho ni cha uvunjaji wa sheria hiyo au sheria nyingine iliyoandikwa. Barua niliyoletewa mimi ilikuwa ya kashfa, kesi ya madai, na huko hakuna ngazi wala mlango. Kwa hivyo Kenya ya leo, wimbo ukiibiwa kuna utaratibu wa ilani, jibu na adhabu kwa mwongo, lakini mpangaji akidai amana yake, utaratibu ni siku saba na mshtuko wa moyo. Na badala ya kuziba pengo hilo, marekebisho yaliyotiwa sahihi Oktoba 2025 yanazungumzia zaidi uwezo wa kuagiza tovuti na programu zifungwe. Daima tunakimbilia swichi.

Mniulize basi nataka nini, maana kulalamika ni rahisi. Nataka aliyeandika awe wa kwanza kuulizwa. Nataka kuchuja kwa nia njema kusihesabiwe kuwa ni kuchapisha, ili anayefuta ukabila jioni asiwe mjinga kuliko asiyefuta. Katika kashfa, ambapo ukweli haujulikani mpaka watu wasikizwe, mwenye ubao apeleke malalamiko kwa aliyeandika, ampe nafasi ya kujibu, na kufuta kuwe kwa amri ya mahakama. Mahakama ya Juu ya India iliamua karibu hivyo mwaka 2015, na nchi ile ina watu wengi kuliko sisi na kelele nyingi kuliko sisi. Kuna vitu havihitaji hakimu: picha za kudhalilisha watoto, picha za faragha zilizowekwa bila ruhusa, anwani ya mtu pamoja na wito wa kumdhuru. Hivyo vinaonekana kwa macho. Ukiambiwa na usivitoe haraka, ubebe mzigo, uwe mkubwa au mdogo. Na anayesukuma maneno kwa mashine na kupokea pesa kwa kusukuma, awajibike kwa kusukuma, katika nchi alikosukumia, mbele ya mahakama ya watu walioumia.

Najua swali litakalokuja: mtu maskini aliyekashifiwa atasubiri mahakama mpaka lini? Ni swali la haki, na sitalikwepa. Mahakama zetu ni za polepole na kashfa huenda mbio. Lakini tuna mahakama za madai madogo chini ya Sheria ya 2016, ambazo zimetengewa kesi zisizozidi shilingi milioni moja na zinatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Kwa sasa hazijapewa kazi ya kashfa. Bunge likitaka kusaidia wanyonge, liwafungulie dirisha huko, lenye ada ndogo na amri ya muda inayotoka ndani ya siku chache. Kazi hiyo inawezekana. Kunigeuza mimi hakimu usiku kwenye sebule yangu, bila ushahidi na bila mshahara, hiyo haiwezekani. Nimeijaribu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye hifadhidata. Wale mlioniandikia kuhusu herufi zinazogeuka alama za kuuliza, msiguse kitu mpaka hapo.